Sarafu za Ami Haji Nilizozisugua

Siku ile naikumbuka yote, mwanangu, na nikiikumbuka damu hunichemka mpaka leo, juu ya kuwa daktari amenikataza kukasirika kwa sababu ya presha. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua ya London inarasharasha kama haijui kukatika, na mimi nimesimama katika ukumbi mmoja huko Harrow, buibui juu ya koti, bakuli la sambusa mkononi, nasubiri kusifiwa. Ndiyo, kusifiwa! Nataka unijue tangu hapo, usije ukadhani bibi yako nilizaliwa na akili hizi.

Nikiwahadithia watu hunambia, "Basi tena Bi Zuhura, ulikuwa mtoto." Mtoto! Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, najua kupika biriani ya watu hamsini, na posa mbili nimeshazikataa. Mtoto gani huyo? Mtu akikosa mwambieni kakosa, msimpambie. Na mimi nilikosa mara mbili ndani ya siku mbili, na kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kaa hapo unisikilize, na hiyo simu iweke kifudifudi.

Ami Haji alikuwa mdogo wake baba. Mapinduzi yalipotokea Unguja yeye hakuwako, alikuwa baharia kwenye meli za mizigo, kazi yake kuzipaka mafuta mashine huko chini kwenye joto, na habari za kwao alizisikia redioni wakiwa njiani kwenda Amerika. Hakurudi tena. Kazi ya meli ilipomchosha akashuka London, akapanga vyumba viwili Tottenham katika nyumba kuukuu yenye ngazi zinazolia, akapata kazi ya kuosha mabasi. Miaka michache baadaye mimi nikapata njia ya kutoka kwa kupitia Mombasa, nikamfikia. Baba yangu alikuwa keshafariki, na Ami hakuwa na mke wala mtoto. Alinipa chumba chenye dirisha, yeye akahamia kile cha nyuma chenye unyevu, wala hakunambia kuwa changu ndicho kilichokuwa chake. Niliambiwa na mwenye nyumba.

Sasa, mtu huyu alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokipenda kwa ajili ya nafsi yake, nacho kilikuwa sarafu za senti tano za Kimarekani. Wenyewe huziita nikeli. Si hizi za sasa, zile za zamani: upande mmoja uso wa mzee wa wenyeji wa asili wa Amerika, nywele kasuka, manyoya kichwani, upande wa pili nyati mwenye nundu, kainamisha kichwa. Zilikuwa zimeshaachwa kutengenezwa kabla yeye hajaanza ubaharia, lakini bado zilikuwa zikipita mikononi mwa watu. Kila bandari aliyoshuka, New York, Baltimore, New Orleans, alinunua kahawa makusudi arudishiwe chenji. Wenzake wanakimbilia starehe zao, yeye kakaa mkahawani anapindua senti. Alikuwa na kitabu cha kadi ngumu ya buluu chenye matundu ya duara. Kila tundu limeandikwa mwaka wake na herufi ya mji ilikotengenezwa sarafu, na yeye kazi yake ilikuwa kuyajaza.

Alinifundisha mambo hayo jioni tukishakula, na mimi nikisikiliza nusunusu. Kwamba mwaka umeandikwa begani mwa yule mzee, pale palipoinuka, kwa hivyo ndio wa kwanza kufutika sarafu ikishikwashikwa. Kwamba nyati mwenye pembe kamili ni wa kutafutwa. Kwamba ile rangi ya kijivu iliyofubaa ndiyo ngozi ya sarafu, inakuja yenyewe kwa miaka na miaka, na ndiyo wajuzi wanayoitazama mwanzo. Hilo la ngozi alinambia, wallahi alinambia, nisimsingizie marehemu. Mimi nikayaona ni maneno ya mtu mzima anayejiliwaza.

Tundu moja lilibaki tupu miaka kumi na moja. Lilikuwa la mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na sita, lenye herufi S. Hatimaye aliipata kwa Bwana Kanji, Mhindi wa Mombasa aliyekuwa na duka la vitambaa Harrow, naye mgonjwa wa sarafu kama yeye. Hawakuuziana. Ami alimpa Kanji pesa tatu za shaba za Unguja, za enzi za masultani, alizoachiwa na babu yangu, na hakuwa na kitu kingine chochote cha kwao. Kanji akampa ile nikeli. Mwaka wake ulionekana kwa taabu, lazima uigeuzegeuze kwenye mwanga, lakini ulisomeka. Siku aliyoitia tunduni aliniita nikaitazame. Nikasema, "Mbona imefubaa hivi, ami?" Akacheka sana, na mimi sikujua kinachomchekesha.

Bwana Kanji alikuwa mwanachama wa klabu ya wakusanyaji sarafu, wakikutana Jumamosi moja ya kila mwezi katika ukumbi wa kanisa. Ami alikuwa akifuatana naye kama mgeni, ulikuwa mwaka wa pili ule, akikaa kiti cha nyuma kabisa. Mgeni anatazama, hashiki. Mule ndani sarafu hupitishwa mkono kwa mkono, mtu akamkabidhi mwenziwe kitu alichokitafuta umri mzima, kwa hivyo hawamwingizi mtu mpaka kwanza alete zake, wazione anavyozitunza, halafu wanyooshe mikono kumkubali. Ami alilitaka hilo, mwanangu. Kutwa anaosha mabasi, msimamizi wake anamwita kwa mluzi kama anaita mbwa, naye anasubiri Jumamosi moja aketi na watu waweke vitu vyao mkononi mwake kwa kumwamini. Mwenyewe halisemi, lakini koti alilipeleka kwa dobi wiki mbili kabla.

Na hapo ndipo kimbelembele changu kilipoamka.

Wewe umekulia huku, hujui shaba ilivyokuwa kwetu. Siku mbili kabla ya Idi, masinia, mabirika na vyetezo vyote vinatolewa uani, vinapakwa ukwaju, vinasuguliwa kwa majivu na makumbi mpaka bibi aje ajione uso wake mle. Asipojiona unarudia. Sinia lililofubaa likitokezwa mbele ya wageni, wanaoaibika ni mabinti wa nyumba ile, na watasemwa mpaka siku watakapokuja kuposwa. Mimi nilikuwa fundi wa mambo hayo. Mtaani kwetu nilikuwa naazimwa kwenye nyumba zenye harusi, nikaja nikapewa na kipande cha leso kwa ahsante.

Basi Ijumaa ile Ami kaenda kazini, mimi nimekaa nakitazama kile kitabu. Nikajisemea, mzee wangu kesho anakwenda mbele ya Wazungu na vyuma vyeusi hivi, si watasema hana mtu nyumbani? Ukwaju nilikuwa nao, nilinunua Wembley. Majivu sikuwa nayo, nikachukua ule unga wa kusugulia masufuria na nyuzi za chuma. Nikazitoa matunduni moja moja, kwa uangalifu mkubwa, nikizipanga mezani kwa safu nisije nikachanganya miaka. Sikuipoteza hata moja, tena nikajisifu kwa hilo! Ami aliwahi kunambia, "Hizi usiziguse," nami nikafahamu kuwa anachelea nisizipoteze. Kuwa ningekuja kuzisugua, hilo lingempitia wapi kichwani?

Nikasugua kutwa nzima mpaka vidole vikababuka. Ile ya ishirini na sita, kwa kuwa ilifubaa kuliko wenziwe, niliipa kazi mara tatu. Zikang'ara zote, wazee weupe, nyati weupe. Nikazirudisha kila moja tundu lake, nikakifunga kitabu, nikakizungushia leso mpya na fundo juu. Nilitaka akifungue mbele za watu. Nikaona hiyo ndiyo raha yenyewe, zing'are ghafla kila mtu akitazama, na Ami ageuke aniulize, "Zuhura, ni wewe?" nami niinamishe macho kwa haya. Yote nilikuwa nimeshayapanga, mpaka na haya.

Jumamosi alikwenda kazini nusu siku, akarudi, akaoga, akavaa koti lake. Akaiona leso. "Ahsante mwanangu, umenifungia vizuri." Akakipakata kitabu njia nzima ya treni, kutoka Tottenham mpaka King's Cross, na kutoka King's Cross mpaka Harrow, hakukiweka chini hata alipopata kiti.

Ukumbini walikuwa watu kama ishirini, wanaume watupu, suti za sufi na harufu ya tumbaku. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu mwenye masharubu na kioo cha kukuzia kining'inia shingoni. Bwana Kanji akasimama akamsifu Ami, kwamba sarafu hizi kazipata kwa mikono yake bandari hadi bandari, kwamba seti ni kamili, kwamba hajaona mtu mwenye subira kama huyu. Watu wakavuta viti karibu. Ami akalifungua fundo polepole, akaikunja leso kwanza, akaiweka upande. Halafu akakifungua kitabu.

Kimya. Na mimi mjinga nikadhani wamestaajabu! Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, bakuli nimelikumbatia, nasubiri waseme. Mtu mmoja akashusha pumzi, mwingine akatikisa kichwa akarudi kukaa. Mwenyekiti akaitoa moja, akaiweka chini ya kioo, akaigeuza, akairudisha. Akaitoa ile ya ishirini na sita. Akaitazama muda mrefu, akaielekeza dirishani, akaielekeza kwenye taa. Akasema mwaka hausomeki, umekwenda. Kisha akasema, kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mimi nilikielewa neno kwa neno, kwamba sarafu hizi zimeuliwa, kwamba hata mtoto anajua sarafu haisuguliwi, na kwamba aliyefanya kazi hii hajui alichokuwa nacho na hakustahiki kuwa nacho.

Uso wa Ami ulisawijika. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile, ila siku ya msiba. Alinyoosha kidole akaigusa moja, kwa ncha tu, kama anaangalia iwapo ni ile ile yake.

Bwana Kanji akamwinamia, akamuuliza kwa Kiswahili, "Haji, ni nani alozifanya hivi?" Na huku ananitazama mikono. Ukwaju ulikuwa bado umeniganda kwenye kucha.

Ami akainua macho akanitazama mara moja. Hakunitazama kwa hasira, na laiti angefanya hivyo. Halafu akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Ni mimi. Nimezisafisha mwenyewe."

Kosa langu la pili ndilo hilo hapo, mwanangu. Nilimsikia. Nilikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Nilijua anasema uongo, nilijua ananisitiri mimi nisiaibike mbele za wanaume wageni, na kilichotakiwa ni maneno mawili tu, "Ni mimi," Kiingereza hicho nilikuwa nacho. Nikauchuna. Nikashughulika na kifuniko cha bakuli. Mwenyekiti akauliza wanaomkubali Bwana Haji wanyooshe mikono, na ukanyooka mkono mmoja, wa Kanji, peke yake. Akasema basi, inasikitisha, lakini hawawezi kumkabidhi sarafu za watu mtu mwenye mikono ya namna hiyo. Mikono ya namna hiyo! Mikono iliyokaa miaka ishirini kwenye mashine za meli bila kupoteza kidole wala kupoteza hata sarafu moja!

Na sambusa zangu walizila, hao. Wakaja kwenye bakuli na visahani vyao, wakala, wakaniambia tamu sana. Nikasema ahsante. Mpaka leo nikilifikiria lile "ahsante" langu naona niuume ulimi.

Kwenye treni ya kurudi ndipo nilipopata mdomo. Wee! Nilimkashifu mwenyekiti tangu masharubu mpaka viatu. Mshenzi, hana adabu, hana haya, mtu mzima anamdhalilisha mtu mzima mwenziwe mbele za watu, kwa sababu ya senti tano! Nikasema hao ni kibri tu, ni ubaguzi, wangetafuta sababu nyingine kama si hii. Abiria wakawa wananitazama, na mimi sijali, napandisha sauti. Nilikuwa na ghadhabu ya kweli, usidhani naigiza. Mpaka machozi yalinitoka kwa kumchukia yule mzee.

Ami aliniacha nikasema mpaka nikakosa pumzi. Kitabu kiko mapajani, leso kaitia mfukoni. Akaniuliza, "Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Yule bwana alimtukana mtu aliyezisugua zile sarafu. Alidhani mtu huyo ni mimi, kwa kuwa nilimwambia ni mimi. Yeye hakujua." Akakiweka sawa kitabu mapajani. "Wewe ulikuwa unajua, Zuhura. Sasa niambie, mule ndani nani kanivunjia heshima?"

Nami hasira zote zile nilizokuwa nazo zikakosa pa kwenda, zikanirudia mwenyewe.

Unadhani nikaomba radhi? Thubutu! Nilianza kujieleza. Nikasema nilitaka kukupa furaha. Nikasema kwetu ndivyo tunavyosafisha. Nikasema hukunikataza waziwazi. Nikasema kama ulijua haisafishwi ungenambia. Ami akaitikia kila moja, "Sawa, mwanangu," na mimi nikazidi kukasirika, kwa sababu mtu akikukubalia namna hiyo huna wa kugombana naye. Tulifika nyumbani nikamwekea chakula, akala, akasema kitamu. Wiki nzima akawa hivyo, hakubadilika kwa chochote, ananiamkia mimi kabla sijamwamkia, na kitabu kimo juu ya kabati, hakikushushwa tena.

Jumamosi ya mwezi uliofuata yeye hakwenda. Nikenda mimi, peke yangu, na sikumuaga. Bwana Kanji alinikuta mlangoni, hakuniuliza nimefuata nini, akaniingiza. Nikasimama mbele yao, nikasema kwa kile Kiingereza changu cha kuokotezea: Sarafu nimezisugua mimi. Nimetumia ukwaju na unga wa masufuria. Yeye hakujua mpaka alipokifungua kitabu hapa mbele yenu. Alisema ni yeye kwa kunihurumia, na mimi nilikuwapo na nikanyamaza. Sikusema nilitaka kusaidia. Nilikuwa nimeshajifunza hilo angalau.

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema, "Basi tumemkosea." Nikaona na wenziwe wanatazamana. Na hapo, mwanangu, hasira zilinirudi, na hizi sizioni kuwa za haramu. Mtu mmekaa naye miaka miwili! Mmemwona anavyokunja leso, mmemsikia Kanji akimsifia utunzaji wake, halafu kwa neno moja mkaamini kuwa kachukua vitu alivyovitafuta nusu ya umri wake akavisugua kwa nyuzi za chuma? Hakuna hata mmoja aliyejiuliza? Niliwaambia hivyo. Sijui Kiingereza kilitoka wapi, lakini niliwaambia, na safari ile sambusa sikuwapelekea.

Wakamwandikia barua. Nzuri, ya heshima, imetiwa saini na watu wote, kwamba wanamwomba radhi, na kwamba kiti chake kipo, aje wakati wowote. Nilimkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, nikapiga magoti, na ndipo nilipomwomba radhi kwa neno moja tupu bila ya "lakini". Akaniwekea mkono kichwani, akanambia, "Nimekusamehe tangu kwenye treni." Akaisoma barua mara mbili, akaikunja.

Nikamuuliza, "Utakwenda, ami?"

Akanitazama kwa mapenzi kabisa, hana kinyongo hata chembe, akasema, "Niende na nini, Zuhura?"

Hilo ndilo jibu alilonipa, na sina jengine la kukupa zaidi ya hilo. Alinisamehe, wale nao wakamrudishia jina lake, na nikeli zikabaki vile vile, nyeupe, zimekwaruzwa, na yule mzee wa ishirini na sita hana mwaka begani. Hakukusanya tena. Bwana Kanji alimletea zile pesa tatu za shaba azichukue bure, akakataa kwa upole, akasema haiwi kitu kilichopeanwa kikarudishwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanioza yeye, akambeba mama yako mikononi, na sikupata kumwona tena akipindua senti kwenye mwanga.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimekuiteni wajukuu wote na wewe ndiye peke yako uliyekuja. Kitu cha mtu usikiguse kwa wema wako. Muulize. Muulize hata kama unaona ni taka, hata kama unaona umbo lake linakutia aibu wewe, hata kama kwenu kitu kama kile hufanywa hivyo na kila mtu anasifiwa kwa kukifanya. Mwenyewe ndiye ajuaye kwa nini kimefubaa. Na akikwambia jambo mara moja, kama Ami alivyonambia habari ya ngozi, lichukue kuwa amesema, usimsubiri akukataze kwa maandishi. Mimi nachukia, tena nachukia sana, mtu anayemharibia mwenziwe halafu akaja na "nilitaka kusaidia". Umeharibu! Sema umeharibu, halafu ufunge mdomo, umwache mwenye kitu chake alie.

Na mtu akikusitiri, usikae chini ya sitara hiyo ukastarehe. Toka useme, pale pale, siku ile ile, mbele ya wale wale waliosikia uongo, hata kama maneno yako ni mabovu. Mimi nilichelewa mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja unauona ni kitu? Kwa mtu aliyekaa nyumbani Jumamosi ile na koti lake limetoka kwa dobi, ulikuwa mwingi. Na ukijiona umejaa hasira juu ya mtu aliyemtukana unayempenda, kabla hujafungua mdomo jiulize kwanza wewe umemfanyia nini. Halafu ukishajirudi, basi kasirika, sikukatazi. Mimi mwenyewe bado nina zangu.

Mungu akulinde na kimbelembele cha bibi yako. Akupe watu wa kukupenda kama alivyonipenda Ami Haji, na akupe haya ya kutowaachia mzigo wako wakaubeba peke yao. Akufumbue mdomo siku unapotakiwa kusema, na akuzuie mkono siku hujaulizwa. Akujaalie umri, na afya, na kizazi chema. Amin. Haya, inuka unipikie chai, na kwenye kabati yangu usinipangie kitu chochote.